Kijana wa kaunta hajui spea, hasara anabeba nani?

Kama unaishi kwa pikipiki, iwe ni yako, ya mkopo au ya bosi unayempelekea hesabu kila jioni, tukio hili unalijua. Gurudumu la nyuma limeanza kucheza. Fundi amelifungua, amekuta beringi imekufa, amekutuma dukani. Unamkuta kijana ameinamia simu. Unamwomba ruleman ya nyuma, ya Boxer. Anakutazama. Unarudia. "Sebo, ruleman ni kitu gani?" Unachora duara hewani kwa kidole. Anaingia ndani, anarudi na kitu cha duara, anasema ni hicho hicho, zote ni moja. Unalipa kwa sababu jua linazama na hesabu haijatimia.

Saa moja baadaye fundi anakuambia haiingii. Unarudi dukani na kibao kinakusubiri ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapa Nakivale nimesikia malalamiko ya namna hii Base Camp, Rubondo na Juru, kutoka kwa wakimbizi na kutoka kwa wenyeji wa Isingiro vilevile. Wengi wanayafunga kwa kusema vijana wa siku hizi ni wajinga. Sikubaliani nao. Kijana hakujiajiri mwenyewe pale kaunta, na tukimtukana yeye peke yake, aliyemweka pale anapita bila kuulizwa lolote.

Nikueleze kwanza kwa nini jambo hili si dogo. Mwendesha boda mmoja, Mkongo, alinunua cheni katika duka moja ambalo sitalitaja. Pikipiki yake ni ndogo, inatumia cheni namba 420. Kijana alimpa namba 428. Kwa macho zinafanana, na umbali kati ya pini moja na nyingine ni ule ule, milimita 12.7, kwa hiyo ukiiweka juu ya sproketi inakaa. Lakini 428 ni pana zaidi na roli zake ni nene zaidi. Inakaa huku inacheza, inakula meno kidogo kidogo. Siku ya nne ikaruka mteremkoni, akiwa amembeba mama anayepeleka mtoto kituo cha afya. Namshukuru Mungu hakuna aliyevunjika. Cheni ilijikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini.

Aliporudi dukani, kijana akasema fundi ndiye aliyeharibu. Fundi akasema yeye alifunga alicholetewa. Watu wakajaa. Ndani ya dakika kumi haikuwa tena habari ya cheni. Upande huu ulisikia "Wanyankole wanatuibia", upande ule "hawa Wakongo hawataki kulipa". Nilikuwepo, na nilishangaa jinsi tarakimu moja inavyoweza kugeuka haraka kuwa ugomvi wa makabila.

Kinachoweza kukosewa pale kaunta ni kingi kuliko anavyodhani mtu ambaye hajawahi kufungua injini. Chukua beringi mbili, 6202 na 6300. Zote zina kipenyo cha nje cha milimita 35 na unene wa milimita 11. Ukizitazama kwa upande ni mapacha. Tundu la katikati ndilo linalozitofautisha: moja ni milimita 15, nyingine 10. Kijana anayechagua kwa ukubwa wa macho atakosea, na si kosa la macho yake. Namba imechapwa ubavuni mwa beringi, lakini mtu hawezi kuisoma kama hakuna aliyemwambia kuwa namba hiyo ina maana.

Plagi zina mtego wake. Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Kwa Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Sasa muuzaji anayekuambia "hii ni namba kubwa, ina nguvu" anakuuzia hadithi. Na plagi yenye uzi mrefu kuliko ile ya zamani inaweza kugonga pistoni. Hata oili, ambayo kila mtu anadhani anaijua, ina mambo yake. Pikipiki nyingi za huku klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingine za magari zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya namna hiyo huanza kuteleza. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA. Mara ngapi umeona muuzaji akiigeuza chupa akutafutie?

Kwa nini basi anawekwa mtu asiyejua? Kaa nusu siku kwenye duka la spea utaelewa. Mwenye duka mara nyingi hayupo. Ana duka lingine mjini Mbarara, au yuko Kampala akifuata mzigo katika maduka ya Kisekka. Anahitaji mtu ambaye hatamwibia, kwa hiyo anamleta mtoto wa dada yake. Uaminifu ndio sifa ya kwanza, na kwa mtu anayeacha mali yake mbali na macho yake, hilo siwezi kumlaumu. Mshahara ni mdogo. Anayejifunza kweli kweli, baada ya mwaka mmoja au miwili, anaondoka kufungua kibanda chake. Duka linaanza upya na kijana mwingine. Orodha ya spea hakuna, vifaa vimechanganywa katika ndoo na maboksi ambayo maandishi yake yamefutika. Na kosa likitokea, kibao kile cha ukutani kinahakikisha kuwa mwenye duka halipii kitu. Kama kosa halimgharimu shilingi hata moja, kwa nini alipe zaidi kumpata mtu anayejua?

Anayelipa ni wewe. Unapoteza bei ya kifaa, kazi ya fundi mara mbili, na siku nzima bila abiria. Zamani familia nyingi hapa ziliweza kumeza siku moja mbaya kwa sababu mgao ulikuwa unakuja. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa msaada wa chakula nchini Uganda kwa makundi, na mwaka 2025 msaada huo ulisimamishwa kwa takriban wakimbizi milioni moja kwa kukosa fedha. Siku ya boda iliyopotea leo ni sufuria iliyokaa bila moto.

Halafu kuna lugha, na hapa nadhani wengi wetu tunapitwa. Mtu aliyejifunza ufundi Bukavu au Goma anasema buji, ruleman, segma, ambreyaji, shambaeri. Majina hayo yametoka katika Kifaransa. Kijana wa Isingiro anajua plagi, beringi, ringi, klachi, tyubu, yaliyotoka katika Kiingereza. Wote wawili wanaweza kuwa wanakijua kifaa, lakini hawana jina moja la kukiitia. Nimemwona mzee wa Kivu Kusini, fundi wa miaka mingi, akichukuliwa kuwa hajui anachotaka kwa sababu tu aliomba segma. Na nimemwona kijana wa kaunta akiitwa mjinga kwa sababu hiyo hiyo. Hapo hakuna aliyekosa ujuzi. Kilichokosekana ni daftari la kurasa mbili.

Mafundi hao wako wapi? Wako chini ya mti, hatua chache nyuma ya duka, wamekaa juu ya tairi wakisubiri kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kwa hiyo karatasi si kisingizio kikubwa. Niliwauliza wenye maduka wawili kwa nini hawawaajiri. Mmoja alisema mkimbizi anaweza kuhamishwa kesho akapotea na fedha. Mwingine alicheka, akasema fundi akikaa kaunta atawaambia wateja kuwa spea ni feki. Jibu la pili lilikuwa la kweli kuliko la kwanza.

Niseme pia kuhusu sisi wa mashirika, maana ni rahisi kunyooshea wengine kidole. Kwa miaka tumegharimia mafunzo ya ufundi wa pikipiki. Tumepiga picha za vijana wenye ovaroli mpya na masanduku ya spana, nyingine nimezipiga mwenyewe. Sikumbuki hata mara moja tukikaa na wauzaji wa spea. Tunamfundisha fundi kufunga beringi sawasawa, kisha tunamwacha anunue beringi kwa mtu ambaye hajafundishwa na yeyote. Siku tano za mafunzo ya kusoma namba, kupima kwa kalipa na kupanga stoo zingegharimu kidogo sana kuliko sanduku moja la spana, na wenyeji wangefaidika sawa na wakimbizi. Nimelisema hilo ofisini. Jibu lilikuwa kwamba duka ni biashara ya mtu binafsi, halimo katika mpango. Sawa, lakini pikipiki nayo ni biashara ya mtu binafsi na mikopo yake tunaisaidia.

Mpaka hapo patakapobadilika, usimtume mtoto na jina la kifaa. Beba kile cha zamani, hata kikiwa kimesagika, au piga picha namba yake ukiwa bado na fundi. Ukiweza, nenda na fundi mwenyewe. Mlipe muda wake, ni nafuu kuliko kununua mara mbili. Mbele ya muuzaji sema wazi pikipiki ni ya aina gani, injini ya ukubwa gani, na kifaa kinakwenda wapi. Mwombe ayaandike hayo kwenye risiti, si bei tu.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya sheria ambayo wengi hawaijui. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: kama ulimweleza mfanyabiashara kazi unayotaka bidhaa ifanye, na ukategemea ujuzi wake kuichagua, basi bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usikichukue kibao cha ukutani kuwa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Lakini kama wewe mwenyewe uliingia ukasema "nipe 428" na akakupa 428, huna pa kusimama. Maneno uliyosema kaunta yana uzito, ndiyo maana yaandikwe. Mkishindwana, peleka jambo kwa viongozi wa RWC1 au LC1 kabla umati haujalichukua. Mahakama za LC zina uwezo wa kusikiliza madai madogo ya deni na makubaliano. Nenda na risiti, kifaa chenyewe, na fundi kama shahidi.

Kwa wenye maduka mnaosoma hapa, najua mtasema mkianza kupokea vilivyorudishwa watu watawaletea vilivyochakaa. Wekeni basi masharti: kirudi ndani ya siku moja, kikiwa hakijafungwa, na risiti. Duka moja ninalolijua Mbarara linafanya hivyo, na mafundi wa huku wanapanda gari kulifuata, wakipita maduka manne njiani. Na mpigieni simu kijana wenu mara moja kwa siku mkimuuliza ni kitu gani kimeombwa akashindwa kukitambua. Siku hizi mnampigia kuuliza mauzo tu.

Kesi ya ile cheni ilifika kwa viongozi. Mwenye duka alikubali kurudisha nusu ya bei ya cheni. Ganda la injini lilibaki juu ya mwendesha boda, ambaye risiti yake ilikuwa imeandikwa "cheni 1" na hakuna zaidi. Bado analipa mkopo.

Nilipita dukani wiki iliyofuata. Yule kijana alikuwa pale pale, lakini kando ya simu palikuwa na daftari la shule. Alikuwa amemwita mmoja wa mafundi wa chini ya mti amsomee majina, naye anaandika mawili mawili: buji, plagi, ruleman, beringi, segma, ringi. Aliniuliza ambreyaji inaandikwaje. Bosi wake, aliniambia, hajui kama daftari hilo lipo, na kalamu amejinunulia mwenyewe.