KONA YA UFUNDI: Pasi ya nguo na bodi ya saketi

Vijana wa darasa letu la redio wanatuuliza kila siku: je, bodi ya saketi tunaweza kuitengeneza wenyewe? Ndiyo, tena kwa pasi ya nguo.

Siri iko kwenye wino wa printa ya leza. Ule ni unga wenye plastiki ndani yake. Ukipata moto unayeyuka na kushika. Printa ya wino wa maji haifai.

Fanya hivi:

1. Chapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa ya gazeti la picha. Mchoro utoke umegeuzwa, kama kwenye kioo.

2. Sugua bodi ya shaba kwa stilwaya na sabuni, ikauke, usiiguse tena kwa vidole.

3. Laza karatasi, wino chini. Kandamiza pasi kavu yenye moto mkali dakika 3 hadi 5. Kama ni ya mkaa, ihamishehamishe ili moto ufike kote.

4. Loweka majini, kisha sugua karatasi polepole itoke. Palipokatika, jaza kwa maka isiyofutika.

5. Tia kwenye feri kloraidi, katika bakuli la plastiki. Dawa inakula shaba iliyo wazi, iliyofunikwa na wino inabaki. Osha, ondoa wino kwa asetoni, toboa matundu ya milimita 0.8 au 1.

Sisi mara ya kwanza tulisahau kugeuza mchoro, na bodi ilikuwa moja tu! Sasa tunaandika neno pembeni: kwenye karatasi lisomeke kinyumenyume, kwenye shaba litasomeka sawasawa.

Lakini kosa letu kubwa lilikuwa lingine. Dawa iliyobaki tuliiweka kwenye chupa ya soda. Rangi yake ni kahawia, kama soda kabisa. Mtoto wa jirani, miaka minne, akaifungua. Mama yake aliwahi kumnyang'anya kabla hajaonja. Siku ile hatukulala vizuri.

Basi jamani, chupa ya kinywaji kamwe! Iandikwe SUMU, ifungiwe sandukuni. Vaa glavu, fanyia kazi nje, wala usimwage mferejini au karibu na bomba. Ikigusa jicho, osha kwa maji mengi, mkimbize mtu zahanati. Akimeza, asitapishwe, apelekwe upesi pamoja na chupa yenyewe.

Ufundi ni mali, lakini mtoto kwanza. Mwezi ujao tutaongea juu ya kulehemu.

Walimu wenu wa kujitolea