Mwezi mwekundu na nauli ya zahanati

Usiku wa 7 Septemba 2025 nilitandika mkeka uani na wajukuu, tukautazama mwezi ulivyopatwa, mwekundu kama sufuria ya shaba, kwa dakika 82. Wanaastronomia walishataja saa yake mapema, na ikatimia vilevile. Uangalifu wa kisayansi wa namna hiyo ndio uliotupa chanjo ya malaria ya RTS,S. Kenya ilianza kuwachanja watoto mwaka 2019. Ila dozi zake ni nne! Mama anayepima unga kwa kikombe atapata wapi nauli ya kwenda zahanati mara nne, mtoto mgongoni? Wahariri, tafadhali, mnapoandika kuhusu chanjo, iandikeni na nauli hiyo. Bila dozi ya nne, mtoto hajamaliza chanjo.