ANGA HURIA NA MFUKO WA MWANANCHI

Maneno mengi yanasemwa siku hizi juu ya ndege zetu, na mengi ni ya furaha. Hatuna ugomvi na furaha hiyo. Mwaka 2016 Shirika la Ndege la Tanzania lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu ya kuruka. Kufikia Agosti 2024, ilipowasili Boeing 787 ya tatu, idadi ilikuwa imefika 16. Serikali ya Chama chetu ndiyo iliyozinunua, kwa fedha za wananchi, na kila mwanachama anayo haki ya kujivunia. Lakini mwenye haki ya kujivunia anayo pia haki ya kuuliza. Leo twauliza kwa niaba ya wale ambao pengine hawatazipanda ndege hizo hata mara moja maishani mwao: mkulima wa alizeti wa Iramba, mrina asali wa Itigi, na mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua mafuta pale Singida mjini.

Linalotufanya tuulize sasa ni jambo linaloitwa anga huria. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila nchi ndiyo mwenye anga yake, na ndege ya kigeni haiingii kufanya biashara ila kwa mapatano. Mapatano hayo hufanywa na nchi mbili mbili, nayo hupanga shirika gani liruke, mara ngapi kwa wiki, na kutua mji upi. Anga huria ni kuiondoa mipaka hiyo. Ndege yetu iliyotoka Dar es Salaam ikatua Lusaka ingeweza kupakia abiria wa Lusaka na kuwapeleka Harare. Na ndege za wenzetu zingekuwa na ruhusa kama hiyo hapa kwetu. Nchi za Afrika zilikubaliana jambo hili huko Yamoussoukro mwaka 1999, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukalizindua soko moja la usafiri wa anga mjini Addis Ababa kwa nchi 23. Kenya, Rwanda na Ethiopia zilikuwamo. Tanzania haikuwamo katika hizo 23, na tangu hapo wako wanaosema kwamba tulichelewa, na wako wanaosema kwamba tulitumia busara.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinagombea ufunguo bila kuutazama mlango wenyewe.

Na watazame Bahari ya Atlantiki, ambako jambo hili limekwisha kujaribiwa na matajiri. Hadi mwaka 2008 mashirika manne tu, mawili ya Uingereza na mawili ya Marekani, ndiyo yaliyoruhusiwa kuruka kati ya uwanja wa Heathrow na Marekani. Machi 2008 mkataba wa Umoja wa Ulaya na Marekani ukaanza kazi, na ruhusa ikawa ya wote. Je, wote walifaidi? Mashirika makubwa yalikwenda yakaungana katika makundi matatu, yakapanga ratiba na nauli kwa pamoja kwa kibali cha serikali zao. Shirika la Norwegian likaja na nauli za chini, abiria wakashangilia, na Januari 2021 likaziacha safari zake zote za masafa marefu. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa shirika la Ulaya lenye ndege nyingi kuliko zetu, basi asitokee mtu wa kutuambia ati saini peke yake itatuletea utajiri.

Tena saini hiyo tunayo tayari! Wengi hawajui kwamba Tanzania na Marekani zilifanya mapatano ya anga huria mwaka 1999. Tangu mwaka huo mlango uko wazi, wala hakuna ndege ya shirika letu iliyofungua safari ya ratiba kwenda huko. Wazee wetu watakumbuka kwamba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja na likavunjika mwaka 1977, liliwahi kwa muda mfupi kufika New York kwa ndege za VC10, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jirani zetu wa Kenya walifikaje? Kwanza Mamlaka yao ya anga ilikaguliwa na Wamarekani ikapewa daraja la kwanza la usalama, Februari 2017. Ndipo Oktoba 2018 ndege yao ikaondoka Nairobi kwenda New York. Ukaguzi ulitangulia, safari ikafuata.

Hapa ndipo penye kidonda chetu, na haifai kukifunika. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka Shirika letu katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Sababu iliyotajwa mara hiyo ya pili haikuhusu ubovu wa ndege fulani. Ilihusu usimamizi, na hasa uhaba wa wataalamu wenye sifa katika kazi ya ukaguzi. Ndege mpya hununuliwa kwa mwaka mmoja au miwili. Mkaguzi wa ndege hupatikana baada ya miaka mingi ya masomo na kazi, na akiisha kuiva huvutwa na mishahara ya nchi nyingine. Sisi tuliharakisha kununua mabawa, tukaenda polepole katika kuwalea watu wa kuyakagua. Mtu akitaka kuita neno hili uhaini, na aite. Wafanyakazi wa viwanja vya ndege wanajua kwamba ni kweli.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha kwamba Shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, nayo ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Haki itendeke: injini za ndege za Airbus A220 zilileta taabu duniani kote, si kwetu tu, na ndege iliyolala chini hailipi hata mafuta ya gari la kuikokota. Hata hivyo hesabu ni hesabu. Ukiigawa hasara ya mwaka huo kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, kila mmoja, pamoja na mtoto mchanga, anabeba karibu shilingi 1,490. Mkoa wa Singida, wenye watu milioni 2 na ushei, unabeba karibu bilioni 3. Na kuku wa Singida, asifiwaye kote Dar es Salaam, bado husafiri kwa basi. Kitunguu husafiri kwa lori. Wala hatudai vipande ndege, maana gharama ingekimeza kitunguu chenyewe.

Hatusemi kwamba kila safari lazima ilete faida. Kumpeleka mgonjwa wa Mpanda au wa Bukoba karibu na hospitali kubwa ni huduma, na huduma yaweza kulipiwa na Hazina kama barabara inavyolipiwa. Lakini basi isemwe kwamba ni huduma, ipigiwe kura Bungeni na kuandikwa kitabuni, isichanganywe na safari za Guangzhou na Mumbai, ambazo ni biashara na zinapaswa kujilipia. Hivi sasa mwananchi hupewa jumla moja tu, asijue shilingi yake imepotelea Katavi au ng'ambo ya bahari.

Kwa sababu hiyo twasema: Tanzania na iingie katika soko la anga la Afrika, maana kukaa nje hakukutuepusha na hasara hizo. Ila kabla ya kutia saini, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipewe fedha za kuajiri wakaguzi na mishahara ya kuwafanya wabaki. Shirika nalo litangaze mapato na matumizi ya kila njia, moja moja, kwa Kiswahili ambacho katibu wa tawi la Chama kule Mkalama anaweza kuwasomea wanachama wake mkutanoni, na maswali yao yakajibiwa kabla ya ndege ya 17 haijaagizwa.