Kuujua Mji kwa Miguu: Siku ya Kwanza na Kiongozi, Tororo na Busia

Familia ya askari huhama kwa amri, wala haichagui mji. Koplo hupewa barua ya uhamisho, magodoro na masufuria hupakiwa juu ya lori, na baada ya siku mbili mama na watoto hujikuta katika kota za kambi iliyo karibu na Tororo, mashariki ya Uganda, mahali ambapo hawamjui mtu. Mwezi hupita, kisha mwaka. Baba huujua mji kwa sababu ya kazi yake. Mama huijua njia moja tu, ile itokayo kambini kwenda sokoni. Siku baba anapotumwa mbali, na mtoto akashikwa na homa usiku, ndipo inapodhihirika kwamba familia imekaa karibu na mji pasipo kuujua.

Dawa ya jambo hilo si ghali. Ni siku moja ya kutembea kwa miguu pamoja na kiongozi, yaani mwenyeji anayeujua mji na anayelipwa kuuonyesha. Wengi hudhani kwamba matembezi ya namna hiyo ni ya watalii wenye kamera shingoni. Ukweli ni kwamba mtalii huondoka kesho yake, na hasara yake asipojifunza kitu ni ndogo. Anayehitaji kiongozi zaidi ni yule atakayelala hapo kwa miaka.

KUMCHAGUA KIONGOZI

Kiongozi mwema si lazima awe na kofia maalumu wala kitabu mkononi. Mwalimu mstaafu, mtumishi wa zamani wa reli, au kijana aliyezaliwa mjini na anayeheshimiwa na jirani zake, aweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Yafaa aulizwe kwa wake wa askari waliotangulia kuhamia hapo, au katika ofisi za manispaa.

Mambo manne hupatanwa kabla ya kuondoka: ujira, saa ya kuanza na ya kumaliza, njia itakayofuatwa, na mahali pa kupumzika. Ujira na utajwe waziwazi kuwa ni shilingi za Uganda au za Kenya. Fedha hizo zina jina moja lakini thamani zake zimeachana mbali, na ugomvi mwingi wa mpakani huanzia hapo.

Mama naye aandike orodha yake: hospitali, kituo cha polisi, shule, steji ya taksi, soko la siku kuu, na duka la dawa linalofunguliwa usiku. Kiongozi asiyeambiwa haja ya mgeni huwapeleka wageni wote mahali pale pale. Akipewa orodha, huweza kuiunganisha na mambo ya kale yaliyo njiani, na siku moja ikafanya kazi mbili.

Safari ianze saa moja ya asubuhi, jua lingali pole. Viatu viwe vile vilivyokwisha zoea miguu. Maji yachukuliwe, na kofia za watoto. Nguo zenye madoa ya kijeshi zisivaliwe na mama wala na mtoto, hata zikiwa zimenunuliwa sokoni, kwa sababu Uganda na Kenya zote mbili haziruhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi.

MWAMBA, SARUJI NA RELI

Mwamba wa Tororo ndio mwanzo ufaao. Huonekana karibu kila pembe ya mji, na aliyepotea akiinua macho huweza kujua tena alipo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kiongozi liwe hili: nikiwa hospitalini mwamba uko upande gani, na nikiwa stesheni je? Mtoto wa miaka saba akiyashika majibu hayo, hapotei tena.

Mwamba huo ni mabaki ya volkano ya mamilioni ya miaka iliyopita. Koo la volkano lilijaa mawe ya moto, yakapoa na kuganda. Sehemu laini za pembeni zikaliwa na mvua na upepo, na koo likabaki limesimama peke yake. Wenye miguu imara huweza kupanda kileleni pamoja na kiongozi, na penye mwinuko mkali zimewekwa ngazi. Siku isiyo na ukungu macho hufika Mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki, na nchi ya Kenya upande wa mashariki. Watoto wadogo na wabaki chini na dada yao, kwani hapana haja ya kuanza kuujua mji kwa kuvunjika mguu.

Mawe ya chokaa ya Tororo nayo yametokana na moto huo wa kale, tofauti na chokaa ya pwani ya Mombasa iliyotokana na matumbawe ya bahari. Ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950, na kiwanda kikaleta ajira na watu wa makabila mengi. Mji haukukua kwa bahati tu.

Stesheni ya Tororo ni njia panda. Reli moja huelekea Jinja na Kampala, nyingine Mbale na Soroti. Reli ya kutoka Mombasa ilipoingia Kampala mwaka 1931 ilikuwa imepitia hapa. Kwa njia hiyo walifika makarani, mafundi na wafanyabiashara Wahindi, ambao majengo yao ya zamani yangalipo mjini. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na Machi 1979 mji huu ulipiganiwa kwa silaha. Mzee akianza kusimulia habari za miaka hiyo asikatizwe, wala asibanwe kwa maswali akinyamaza. Kuna nyumba zilizopoteza watu.

KUULIZA BILA KUCHOSHA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwa faida na kuna kuuliza kwa makelele. Swali lenye faida kuliko yote ni fupi: "Mzee, hili umeliona au umelisikia?" Kiongozi mwaminifu hachukii. Atajibu, "Mama, hili nimelisikia kwa marehemu baba," na msikilizaji atajua namna ya kulipokea. Hadithi iliyosikiwa ina thamani yake, mradi isichukuliwe kuwa ushahidi.

Mfano mzuri uko Busia, na safari ya huko yafaa iwe siku nyingine, kwa taksi ya asubuhi kutoka Tororo. Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja wa Uganda, mwingine wa Kenya. Inasimuliwa kwamba tangu miaka ya 1960 vijana wa hapo waliwapakia wasafiri juu ya baiskeli, wakawavusha kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, huku wakiliita kwa mkazo neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Hapo likazaliwa jina la bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Malaba, mji mwingine wa mpakani, hutajwa pia katika hadithi hiyo. Mtembezi hana haja ya kuamua nani mkweli. Na auone umbali wenyewe kwa miguu yake, ataelewa mara moja kwa nini baiskeli ilipata wateja.

MSTARI USIOONEKANA

Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki ya hapo, pamoja na Kisumu, ilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo sababu Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na salamu ya "mulembe" husikika huku na huko. Kiswahili nacho hakihitaji mkalimani Busia.

Lakini undugu haufuti sheria, na hapo ndipo kiongozi anapostahili ujira wake. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa nchi hizo mbili, Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta, na msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika upande wa nchi anayoingia. Njia za panya zinazopita nyuma ya maduka zisifuatwe, hata kiongozi akisema ni karibu zaidi. Kiongozi anayeshauri hivyo amekwisha jieleza mwenyewe.

Kosa dogo la mama lingeweza kuwa mfuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali. Kaveera iliyobeba nyanya upande wa Uganda isivuke. Kikapu kichukuliwe tangu nyumbani. Picha za kituo cha mpaka, za kambi na za askari zisipigwe bila idhini. Na askari mwenyewe havuki pasipo ruhusa ya mkubwa wake, wala havuki na sare. Hilo halina mjadala.

BAADA YA KURUDI

Faida ya matembezi huhifadhiwa jioni ile ile. Watoto wapewe karatasi, wachore mji kama walivyouona, mwamba ukiwa katikati. Mama aandike majina ya watu watatu aliosalimiana nao. Kisha, kabla juma halijaisha, njia ile ya Tororo irudiwe bila kiongozi. Mara hii ya pili ndiyo mtihani, maana aliyeongozwa huangalia mgongo wa kiongozi, lakini anayekwenda peke yake huangalia njia.

Ndipo usiku wa homa utakapokuja, na baba yuko mbali kazini, mama atamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Atajua ni bodaboda yupi wa kumwamsha, na lango la hospitali liko upande gani wa mwamba.