Gari-nyumba au Nyumba-gari? Mabaraza ya Miji na Maana ya Kukaa

Kitenzi ‘kukaa’ kimebebeshwa mzigo mzito katika lugha yetu. Mtu hukaa kitini, hukaa kimya, hukaa Kawangware na hukaa siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Msikilizaji hababaiki, maadamu muktadha humwongoza. Lakini hebu tukitwae kitenzi hiki tukifanye kosa la jinai: ni marufuku kukaa ndani ya gari lililoegeshwa barabarani. Je, mama anayemsubiri mwanawe atoke shuleni amevunja sheria? Na yule anayemalizia chapati yake kwenye usukani kabla ya kuingia kazini? Ndugu msomaji asidhani huu ni mchezo wa wanaisimu wasio na shughuli. Kesi ya namna hii ilisikizwa Marekani, na iliamuliwa kwa kupima uzito wa maneno.

Mwaka 1983 jiji la Los Angeles lilipitisha kifungu cha 85.02 cha sheria zake ndogondogo. Kifungu hicho kilimkataza mtu kulifanya gari lililoegeshwa barabarani, au katika maegesho ya umma, kuwa makao yake, iwe ni kwa usiku mmoja, siku baada ya siku, au vinginevyo. Hilo ‘vinginevyo’ ndilo lililokuja kuzua balaa. Mwaka 2010, malalamiko ya wakazi wa Venice, mtaa ulioko ufuoni mwa bahari, yalipozidi, kikosi cha maafisa 21 wa polisi kilipewa kazi ya kukitekeleza kifungu hicho. Waliolengwa ni watu waliokuwa wakilala katika magari madogo, na vilevile wenye yale magari makubwa yaliyotiwa vitanda, jiko na pengine choo, ambayo kwa sasa nitayaita magari-nyumba. Maafisa waliambiwa watafute dalili: matandiko, nguo, chakula, dawa. Haikuwa lazima mtu akutwe amelala.

Mwanamke mmoja alikuwa akiendesha gari-nyumba lake kupitia mtaa huo akienda kuuza vyombo vya udongo alivyovifinyanga. Alisimamishwa kwa kosa la kutozima taa ya kukata kona. Kabla ya kuachiliwa akaonywa kwamba akionekana tena Venice na gari lile atakamatwa. Hakuwa amelala wala hakuwa ameegesha. Kosa lake, ikiwa lilikuwepo, lilikuwa ni kufanana na watu wa aina fulani.

Tarehe 19 Juni 2014, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Harry Pregerson, ilikitangua kifungu hicho. Hoja yake ilikuwa utata. Mtu wa kawaida akikisoma hawezi kujua ni tendo gani hasa ajiepushe nalo, na polisi naye amepewa mwanya wa kumchagua amtakaye. Mahakama ilisema kwamba maneno yale yangeweza kumnasa dereva yeyote wa Los Angeles anayekula ndani ya gari au anayebeba vitu vyake, ilhali walioandamwa walikuwa ni wasio na makao peke yao.

Nasi wa idara za Kiswahili tunapaswa kutega sikio hapa. Tumezoea kuusifu utata. Katika semina zetu tunalichambua shairi na kufurahi kila tunapogundua kwamba neno moja limebeba maana tatu. Lakini neno hilohilo likiingia katika amri ya baraza, aliyeshika tochi na pingu ndiye anayechagua maana, na anaichagua saa nane za usiku, dirishani mwa mtu aliyelala. Inashangaza kwamba tunao wataalamu wengi wa semantiki na wachache mno wanaosoma sheria za kaunti zao.

Baada ya kushindwa, Los Angeles ilijaribu tena. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilipitishwa amri mpya iliyozuia watu kulala garini katika mitaa ya makazi kuanzia saa tatu za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi, na karibu na shule na bustani wakati wowote. Angalau hiyo ilitaja saa na mahali. Ila kuna mbinu nyingine isiyotaja binadamu kabisa: vibao vinavyokataza gari lenye urefu wa zaidi ya futi 22, au kimo cha zaidi ya futi 7, kuegeshwa kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Akisoma kibao hicho mgeni atadhani kinahusu nafasi ya barabara. Waswahili walishanena: akufukuzaye hakwambii toka.

Wala jambo hili halikuzaliwa California. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, katika kifungu chake cha nne, iliwahesabia makosa waliokutwa wakilala ghalani, mahameni, chini ya hema au ndani ya mkokoteni. Mkokoteni wa 1824 ndio gari-nyumba la leo. Roho ya sheria hiyo ilisafirishwa katika makoloni, ikatufikia sisi pia. Sheria ya Uzururaji ya Kenya ilifutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo haikuishia kwenye adhabu. Iliyagusa hata majina yenyewe, ‘mzururaji’ na mfano wake, ikaona kwamba yametokana na mtazamo wa kikoloni na yanamvua mtu utu wake.

Sasa tulirudie jina gari-nyumba. Katika maneno ambatani ya Kiswahili, nomino inayotangulia ndiyo kichwa. Garimoshi ni gari, si moshi. Askarikanzu ni askari, si kanzu. Kwa hiyo gari-nyumba ni gari, na gari huvutwa likizidisha muda wa kuegeshwa. Nyumba-gari je? Hiyo ni nyumba, na nyumba haivutwi kwa mnyororo mwenyewe akiwa kazini. Mwaka 2016 jiji la Seattle lilivuta gari la fundi mmoja kwa kuwa lilikuwa limekaa mahali pamoja zaidi ya saa 72. Ndani mlikuwa na kitanda chake na zana zake za kazi. Alitakiwa kulipa dola 547 kwa mafungu. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya jimbo la Washington iliamua kwamba gari lile lilikuwa makazi yanayotambuliwa na sheria, na kwamba malipo yale yalimzidi mtu wa uwezo wake. Kwa maneno yetu, mahakama ilibadilisha kichwa cha neno ambatani.

Lakini tusiwaonee wenyeji. Mwenye nyumba anayeamka na kukuta kinyesi kimemwagwa mferejini mbele ya lango lake ana haki ya kukasirika, na jenereta inayonguruma usiku kucha si jambo la kuvumiliwa na mwenye mtoto mchanga. Ninachopinga ni kuyaruka makosa haya yanayotajika na kukimbilia kosa la ‘kukaa’. Kumwaga uchafu kuna jina. Kuziba njia kuna jina. Yatajwe hayo. Aidha, mji wa Santa Barbara tangu mwaka 2004 umekuwa na mpango wa kuwafungulia watu hawa maegesho usiku, wakaondoka asubuhi. Hautibu umaskini, ila humpa mtu usingizi usio na kishindo cha rungu dirishani.

Tena sisi tunaelewa kulala garini kuliko tunavyokiri. Mlolongo umepata jina lake kutokana na foleni ya malori, na ndani ya malori hayo madereva na mautingo wamelala miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyewaita wazururaji, kwa sababu shehena waliyoibeba ina mwenyewe.

Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliuruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini wanaopiga kambi mahali pa umma, na kwa tafsiri ya mji huo hata gari laweza kuwa kambi. Mabaraza mengi yataandika upya amri zao, nazo kaunti zetu hazikosi kuiga. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali sheria nyingi za kaunti hazijafasiriwa. Napendekeza chama chetu kichukue sheria moja tu ya maegesho muhula huu, tuifasiri mstari kwa mstari, na kila tunapokwama kwenye neno tuandike pembeni ni nani atakayekamatwa kwa kila maana yake.