Kijana, usiingizwe mjini Dubai

WAUZAJI wa nyumba za Dubai wanapotua katika hoteli kubwa za Dar es Salaam huja na picha tamu: ghorofa, bwawa la kuogelea, malipo kidogo kidogo. Kijana wa Kariakoo anayefuata mzigo Deira naye anaanza kuota. Kuota si kosa. Kosa ni kufichwa bei.

Tupige hesabu. Nyumba inauzwa dirham 800,000. Idara ya Ardhi ya Dubai inadai asilimia 4 ya kuhamisha umiliki, yaani 32,000, na kwa kawaida anayebebeshwa ni mnunuzi. Dalali huchukua kama asilimia 2, yaani 16,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza huko Januari 2018: 800 nyingine. Ofisi ya usajili inataka 4,000, na kodi yake 200. Jumla dirham 53,000, zaidi ya dola 14,000 za Marekani! Hapo hujanunua hata kitanda.

Hicho ni kiingilio tu. Kila mwaka kuna ada ya lifti, ulinzi na usafi, inayopigwa kwa futi za mraba. Nyumba iwe na mpangaji au iwe tupu, utalipa. Aliyekopa benki anaongezewa asilimia 0.25 ya mkopo kwa kuusajili.

Kigogo akikamuliwa dola 14,000 anacheka, maana hakuzitolea jasho. Lakini wewe uliyechanga na ndugu zako miaka kumi, huo ni mtaji wa duka zima.

Tunasema: serikali inayojua kumtimua machinga barabarani, ijue pia kumbana dalali wa hotelini. Aandike bei yote, kwa Kiswahili, kabla hajapokea hata senti moja.

Nawe kijana fumbua macho. Kwa nyumba ambayo bado inajengwa, Sheria Na. 8 ya 2007 ya Dubai inataka fedha za wanunuzi ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, si mfukoni mwa dalali. Baada ya mtikisiko wa 2008 miradi mingi huko ilikwama, na wenye fedha zao wakabaki na makaratasi. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.