Sala Isiyofungiwa Kanisani



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kuomba kila wakati. Wako Wakristo wengi katika mji wetu wa Dar es Salaam wadhanio ya kuwa agizo la Mtume Paulo la kuomba siku zote haliwahusu wenye kazi. Husema, "Hayo ni ya mapadre na watawa. Sisi wa Mchikichini na Kariakoo tutaombaje, nasi tangu alfajiri tu katikati ya makelele ya wauzaji na wachukuzi?" Maneno hayo yafaa kupimwa.

Kwanza na tumtazame yeye aliyeagiza. Paulo alikuwa fundi wa mahema, na alipokaa Korintho alifanya kazi hiyo pamoja na Akila na Prisila. Yapata mwaka 50 aliwaandikia Wathesalonike barua yake ya kwanza, na ndani yake awakumbusha jinsi alivyofanya kazi usiku na mchana asije akamlemea mtu. Thesalonike nao ulikuwa mji wa bandari na biashara, kama huu wetu. Basi agizo hilo lilitoka kwa mtu wa kazi ya mikono, likawafikia watu wa mji wa soko. Hakuwataka waache kazi zao wapige magoti mchana kutwa.

Alitaka nini basi? Mtazameni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Mfalme alipomwuliza haja yake, aliomba kwanza kwa Mungu wa mbinguni, kisha akajibu. Ombi hilo halikuzidi pumzi moja, wala mfalme hakulisikia. Walakini someni sura ya kwanza ya kitabu chake, nanyi mtaona ya kuwa alikuwa amekwisha kufunga na kuomba siku nyingi faraghani. Ombi fupi la mchana lina mzizi wake katika ombi refu la faragha. Mtu asiyemtafuta Mungu asubuhi nyumbani, ni shida kumkumbuka saa sita sokoni.

Sasa na twende Mchikichini, penye nguo za mitumba. Mfanya biashara hununua robota lililofungwa, asijue yaliyomo. Alifunguapo, moyo wamdunda, kwa maana huenda akapata nguo njema, huenda akapata matambara. Hapo ndipo pa kuomba. Lakini aombe nini? Wengi huomba faida tu. Nasi twasema, na aombe pia kwa ajili ya lile shati lenye tundu, "Bwana, nisilikunje tundu hili kwa ndani." Kisha mnunuzi ajapo, amwonyeshe tundu, wapatane bei yake. Ombi lisilofika mezani pa biashara halijafika mbali. Na mizani iliyopunjwa siku ya Jumatatu yaikanusha sala ya Jumapili mbele ya watu wote.

Na walimu je? Kila siku mwalimu huita majina ya watoto darasani. Kila jina na liwe ombi: huyu mgonjwa, huyu mkaidi, huyu hakula tangu jana. Atakayefanya hivyo ataona ni vigumu kumpiga kwa hasira mtoto aliyetoka kumwombea. Mama naye awashapo moto jikoni, na awataje watakaokula chakula kile, na jirani asiye nacho. Hayo hayahitaji saa nyingine zaidi ya zile tulizo nazo. Yahitaji alama tu: kuamka, kufungua kazi, kula, kufunga kazi, kulala. Mtoto aonaye baba yake akinyamaza kidogo kabla ya kufungua duka hahitaji hotuba ndefu juu ya sala.

Tena tusione haya. Jirani zetu Waislamu wasikiapo adhana, wengi wao humwachia mwenzao meza, wakaenda kusali, kisha wakarudi kazini. Hapana awacheka. Mbona sisi twajificha hata kuinamisha kichwa mbele ya sahani ya chakula?

Liko neno moja zito tulilobakiza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua. Na Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, moto uliteketeza soko la Mchikichini, ambalo wengi huliita Karume. Watu wengi walipoteza bidhaa zao, na wengine mtaji wao wote. Hatusemi ya kuwa maombi ni kinga ya moto. Waombao na wasioomba huunguliwa pamoja. Walakini siku ya moto si siku njema ya kuanza kujifunza kusema na Mungu. Aliyezoea kusema naye juu ya shati moja lenye tundu, hatakosa la kumwambia siku asipobaki na shati hata moja.

Basi, ndugu zetu, twawasihi mchague alama moja tu katika kazi zenu, mwianze kesho, wala msiiache mwezi huu mzima. Mkisahau leo, anzeni tena kesho. Mungu azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu.